Kengele ya Reli

Shuleni Cheyo, kengele yetu ilikuwa kipande cha reli
kilichoning'inizwa kwa waya.
Zamu yangu ikifika nilikigonga kwa bolti kuukuu
huku nikiutazama uso wake, pale msumeno ulipopita:
kichwa kinene, kiuno chembamba, mguu mpana.
Nilidhani waliishiwa chuma.

Miaka kumi baadaye, chuoni, karatasi imerudi:
tisa kwa arobaini.
Momenti ya kwanza ya eneo, momenti ya pili.
Nilizikariri kama majina ya stesheni,
pasipo kushuka hata moja.

Kalunde akachana boksi la sabuni,
akakata umbo la reli, akaliweka juu ya ncha ya kalamu.
Likaanguka. Akalisogeza. Likaanguka.
Kisha likatulia, limetanda kama mwewe.
"Hapo. Kitovu."
Kila punje ya eneo izidishe kwa umbali wake:
upande huu deni, upande ule akiba,
jumlisha, sifuri.
Ya kwanza huuliza hilo tu: katikati ni wapi?

"Na ya pili?"
Hakujibu. Alikuwa amekwisha kuvaa kandambili.

Nje ya geti, mtaro wa bomba la maji,
na ubao wa mninga, tano kwa ishirini, umelazwa.
Nilipofika katikati ulinepa,
tope likanilamba visigino.
Akausimamisha kwa ubavu, akaubana kwa matofali.
"Pita tena."
Nikapita kama paka juu ya ukuta.
Haukushtuka.

Ubao uleule, mti uleule.
Usiku nikakokotoa: upana mara kimo,
mara kimo, mara kimo tena, gawa kwa kumi na mbili.
Mara kumi na sita.
Nikafuta, nikarudia. Mara kumi na sita.

Kumbe hapa umbali huzidishwa kwa wenyewe,
na deni mara deni halibaki deni.
Aliye mbali na kitovu, juu au chini,
ndiye mwenye mzigo;
wa katikati huwashika tu wasiachane.

Nikamkumbuka kaka Mihayo, aliyepanda treni ya Mpanda.
Nyumbani husema amesahau kitovu chake kilipozikwa.
Ada yangu hutoka kwake.

Mtihani wa marudio: thelathini na nane.
Mbili zilikatwa kwa kusahau vipimo,
sentimita kwa kipeo cha nne.
Nilikuwa nimechora reli pembeni,
nikatilia mkazo kiuno.