Ki, Sipo, Ngali

Saa sita na robo usiku, chumba cha seva,
ghorofa ya pili, jengo la chama chetu cha akiba, Moshi.
Nje Barabara ya Mawenzi inalowa.
Ndani feni zinavuma kama mashine ya kukoboa kahawa
isiyo na kahawa.

Naandika kazi ya kwanza: nakili daftari zote.
Naandika ya pili: futa za zamani, diski imejaa.
Kati ya mistari hiyo miwili
mwaka jana hapakuwa na kitu,
nafasi tupu, upana wa ukucha,
na mimi nikaamini kwamba kinachofuata
kinafuata.

Umeme ulikatika kwa pumzi moja. Nakala ikafia katikati.
Skripti yangu haikugeuka kutazama nyuma
(nani aliiambia igeuke?),
ikashuka mstari wa pili kwa adabu zake zote,
ikafuta.

Jumatatu akaja Mama Aikasia Mlay kutoka Kibosho,
kitabu chake cha akiba ndani ya mfuko wa sukari.
"Mwanangu, kompyuta yenu inasema sijawahi kuweka."
Hakupaza sauti. Alifunua kurasa, mihuri ya zambarau,
mavuno kumi na tisa, elfu tano, elfu tano,
halafu laki mbili kwa mkupuo.
"Hapo niliuza ndama," akasema.
Tulichapa upya kwa mkono wiki saba,
Eliaichi akisoma, mimi nikigonga,
na tulipofika kwenye ndama
nilitoka nje kidogo.

Kule Uru, nikiwa mdogo, baba alikuwa na zamu ya mfereji.
Hakufungua maji ya kwetu kwa kutazama saa.
Alisubiri jani la mgomba lielee kutoka shamba la juu:
likifika, wamemaliza, fungua.
Lisipofika, kaa na jembe lako.
Nimesomea kazi hii miaka minne chuoni
na jani lile sikulikumbuka hata siku moja.

Basi usiku huu:
nakili, kisha jibu lishike, lipe jina.
Nimeliita jani.
Jani likiwa sifuri, futa.
(Sifuri! Shuleni nilichapwa kwa ajili yake,
hapa ndiyo habari njema pekee.)
Lisipokuwa sifuri usiguse kitu,
niamshe.
Na lisipokuwepo kabisa,
kimya nacho kihesabu kuwa ni hapana.

Nachomoa waya wa diski makusudi, kujaribu.
Kioo kinaandika kwa wekundu: ya kwanza, imeshindwa.
Ya pili: imerukwa.
Imerukwa.
Sijawahi kusoma neno tamu hivi
kuhusu kazi ambayo haikufanyika.

Mashine naielewa. Inayo ki, inayo sipo,
na hizo zinatosha kuendesha benki na minara ya simu.
Ngali haina.
Huwezi kuiandikia: umeme usingalikatika,
ningalifunga mistari ile kwa uzi mmoja tu.
Itakurudishia kosa, mstari wa kumi na nne,
neno halijulikani.
Ngali tumeachiwa sisi
tunaorudi nyumbani kwa miguu, viatu vimelowa.

Saa kumi kasoro. Naurudisha waya.
Nakala, kijani. Jani, sifuri. Futa, kijani.
Eliaichi amelala kitini, mdomo wazi,
rula ya kufuatia mistari bado mkononi.
Simwamshi.
Kabla ya kuzima kioo nafungua akaunti moja,
ya kuangalia tu, nashuka na mavuno
mwaka hadi mwaka.

Ndama yupo.