Sijaweza

Miaka ishirini na sita nimefundisha hesabu hapa Ngora,
na kalamu nyekundu ndiyo iliyokuwa hakimu wangu.
Ripoti za muhula niliziandika haraka, jioni,
kabla mirija haijatumbukizwa kwenye chungu cha ajon:
huyu hawezi, huyu kichwa maji, huyu arudi shambani.
Asekenye wa darasa la sita nilimwandikia neno moja.
Sikuona haja ya la pili.

Mwaka huu waraka umekuja kutoka wilayani:
Kiswahili kifundishwe.
Mwalimu mkuu akatazama dari, kisha akanitazama mimi,
miaka hamsini na mbili, meno mawili ya bandia.

Kwetu lugha hii tuliijulia mgongoni.
Iliwahi kuja usiku imevaa buti,
ikauliza ng'ombe wako wapi.
Baba aliielewa yote, hakuijibu hata neno.

Sasa naishika kama jembe la kuazima.
Nasema “kitabu yangu”. Nasema “maji hii”.
Nasema “mti huyu”, kana kwamba mti una mjomba,
na darasa linacheka mpaka vumbi linaruka.
Asiyecheka ni Asekenye. Alilelewa kambini Moroto,
baba yake koplo. Husimama, akavuta sketi,
akaninong'oneza: “Huu, mwalimu. Mti huu.”

Jumatano nilichoka. Nikaweka chaki chini,
nikasema mbele ya watoto sabini na wanane:
“Siwezi.”
Akainua mkono. “Umekosea, mwalimu.”
“Wapi tena?”
“Hapo. Sema sijaweza.”
Nikamuuliza tofauti ni nini.
Akafikiri, akikuna kisigino kwa kidole cha mguu wa pili.
“Ni kama baba,” akasema. “Si kwamba harudi.
Hajarudi.”

Hakuna aliyecheka. Nikafuta ubao uliokuwa safi.

Usiku nikateremsha sanduku la bati lenye nakala za ripoti.
Kalamu ileile. Kila palipo na “hawezi”
nikajaribu kupenyeza “ja” katikati
na ile i ya mwisho kuigeuza a.
Lakini mwandiko wangu wa zamani umebanana,
sikuacha nafasi.
Omoding, anayesuka nyaya za mota pale kinuni
na kuhesabu mizunguko huku akipiga soga,
hana shida na sahihisho langu.
Aguti sijui aliko.
Nilifika mwaka elfu mbili na tisa, taa ikafifia.

Kesho ni ngeli ya ki na vi.
Nimeandika, nimefuta, nimeandika.
Mke wangu anauliza kwa Kiteso, kutoka chumbani,
kama nimemaliza.
Namjibu kwa lugha ya zile buti,
na kwa mara ya kwanza naitamka vizuri:
bado.