Ufunguo Ulioonja Asali

Ulinichoropoka Sikonge, kwenye mfuko wa blauzi,
nilipoinama kunusa ndoo ya tatu ya Bwana Kasanda.
Asali nyeusi ya miyombo haina haraka:
iliupokea, ikaufunika mpaka pete,
na mimi na Kasanda tukabaki tunatazamana
kama watu walioona mbuzi akiingia kanisani.

Tuliuopoa kwa upawa. Nikaufuta kwa kanga, kisha nikaulamba
(Mungu anisamehe, ilikuwa asali nzuri).
Mwonja asali haonji mara moja, wanasema.
Ufunguo huu ulionja mara moja tu
ukasahau kazi.

Siku zote nalisogelea gari nao mfukoni,
unabisha hodi kimoyomoyo,
gari linaitika karibu kwa mlio mmoja,
mlango unalegea.
Siku ile hodi haikutoka.
Nikachomoa kile kijichuma kilichojificha ubavuni mwake,
nikafungua mlango kama mwizi wa zamani,
nikakaa, nikakanyaga breki, nikabonyeza.
Taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, ikapepesa:
sikujui.
Nikabonyeza tena. Sikujui.
Hata yule mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya redio,
anayeniarifu jambo kila asubuhi kwa adabu
(miaka tisa sasa, bado sijui jambo gani),
naye alinyamaza.

Sikujui. Neno hili nimelizoea.
Mwezi wa tatu, kibandani kwa kijana wa kusajili laini,
aliliminya gumba langu kwenye kioo mara sita,
akajaribu la kushoto, akajaribu shahada,
akasema, "Mama, vidole vyako havisomeki."
Vingesomekaje? Miaka ishirini ya moshi, nta na mifuniko ya ndoo.
Nilisimama pale na uso wangu, na jina langu, na kitambulisho mkononi,
mashine ikisema hakuna mtu.

Lori la tumbaku lilituvuta hadi Tabora, kamba ikikatika mara mbili.
Pale Gongoni kila mtu alikuwa na jibu.
Mmoja: kizuia wizi kimefunga, boksi limekufa, jingine liko Dar, laki tisa.
Mwingine: leta ufunguo wa pili.
Ufunguo wa pili!
Aliyeniuzia gari alisema unakuja na basi.
Labda bado uko Morogoro, unachimba dawa.

Fundi Nyanzala hakusema kitu.
Alikuwa na mkasi wa kucha, mswaki wa mtoto,
spiriti kidogo kwenye kifuniko cha soda.
Aliupasua ufunguo kama anayemenya karanga,
akasugua, akapuliza, akanusa.
"Huu ni wa Sikonge," akasema. Alikuwa na maana ya asali.
Kisha: "Betri imekufa, na njia zake zimegandana.
Lakini hiki kijidude cha pembeni hakili betri.
Chenyewe bado kinalikumbuka gari.
Sauti tu ndiyo haifiki. Mpaka ukisogeze sikioni."

Akanikalisha kwenye usukani.
"Usibonyeze kwanza. Gusisha ufunguo wenyewe pale kwenye kitufe.
Subiri."

Nilisubiri.

Mlio mmoja, mwembamba. Kijani. Nikabonyeza.
Gari likakohoa, likatetemeka,
na mwanamke wa Kijapani akaendelea na habari yake
kana kwamba hakuna aliyemkatiza.
Nyanzala alidai elfu kumi na tano.
Nikampa, na chupa ya asali juu yake, ile ya ndoo ya tatu.

Asubuhi nikakuta sisimizi:
mstari kutoka gurudumu la mbele, kupitia pedali,
kupanda usukani, mpaka kwenye kitufe cha kuwashia.
Walikuwa wanaingia na kutoka,
wanapishana, wanasalimiana.
Hakuna aliyewauliza namba.