Dereva Alikimbia

Gazeti liliandika mistari minne tu,
na wa nne ulikuwa wangu:
dereva wa lori hilo alikimbia.

Ni kweli. Nilikimbia.
Saa moja na robo asubuhi, Tabata, Barabara ya Mandela,
bodaboda akanikatiza na matenga ya kuku,
nikakanyaga breki, mnyororo ukakatika,
mtungi mmoja kati ya kumi na miwili ukashuka,
ukabingirika hadi mtaroni,
ukavunjika shingo.

Haukulipuka. Watu husubiri mlipuko.
Ulipiga mluzi tu, kama birika,
na kitu cha rangi ya ndimu changa
kikaanza kutambaa chini chini, bila haraka,
kama mtu anayeijua njia ya kwao,
kuelekea bondeni, Msimbazi.

Nikanusa jiki.
Mkono wangu uliitaka ile vali. Naapa uliitaka.
Lakini mfukoni mwa mlango mlikuwa na karatasi
ambayo Bi Tunu wa ofisi ya Kurasini
alitusomesha kwa sauti, sisi wenye mvi,
kama watoto wa chekechea:
Usiguse. Usirudi. Tazama upepo kwanza.

Upepo unautazamaje Tabata, katikati ya moshi wa malori?
Nikaona khanga kwenye kamba, ghorofa ya pili,
nyekundu, imevimba kama shavu,
pindo lake lote linaelekea Ubungo.
Basi mimi, Buguruni.

Nikachomoa karatasi, nikakimbia usoni mwa upepo,
ndala moja mguuni, nikipiga kelele:
Msishuke bondeni! Njooni huku! Huku!
Nani amsikilize mtu mzima wa ndala moja?
Vijana wawili walinipita na ndoo.
Mafuta! Mafuta yamemwagika!
Nilimshika mmoja shati, likabaki mkononi mwangu.

Aliyenisikia ni Mama Tegemea wa supu,
kwa kuwa macho yake yalishaanza kulia
na vitunguu alikuwa hajakata.
Aliacha sufuria jikoni, akachukua mfuniko na upawa,
akaugonga mlango kwa mlango,
ngwa, ngwa, ngwa,
hadi wale wa ndoo wakageuka kuona nani kafiwa.

Nikapiga 114.
Kibandiko kina namba gani?
Moja, sifuri, moja, saba.
Kimya kidogo. Kisha ile sauti ikawa sauti nyingine.

Walikuja kwa upande wa upepo, wakasimama mbali.
Watu wakazomea: Wanaogopa! Zimamoto waoga!
Wao wakavaa polepole, mmoja akimfunga mwenzake zipu,
kama wanaopelekana harusini.
Maji hawakuupiga mtungi.
Waliyatundika hewani, pazia,
na ile ndimu ikagonga pazia ikapungua, ikapungua.

Mbaruku, utingo wangu, ndiye aliyerudi.
Simu yake ilikuwa kwenye chaji, mbele ya usukani.
Hatua ishirini kwenda. Za kurudi alisaidiwa.
Sasa akipanda ngazi za kwao
hupumzika kila ya nne, akijifanya anatafuta funguo.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.
Kicheko nilikipata, cha kutosha, hadi kijiweni:
Dereva, leo unakimbilia wapi?
Nakunywa kahawa yangu.
Binti yangu alilikata lile gazeti, akauliza,
Baba, wewe ndiye huyu?
Ndiye. Ila hawakuandika upande.

Nimepata utingo mpya, Selestini, kijana wa Kiluvya.
Kabla sijawasha gari namuuliza:
Simu iko wapi? Mfukoni.
Karatasi? Mlangoni.
Upepo?
Naye anatoa kichwa dirishani, anatafuta nguo za watu.

Nilirudi Tabata mara moja, kuitafuta ile khanga.
Mwenyewe alicheka. Alishaikata mbeleko
akampa mdogo wake.
Ilikuwa imeandikwa nini?
Akafikiri, kidole kwenye mdomo.
Hakumbuki.
Na mimi siku ile, kwa mbali, sikuweza kuisoma.