Dola Kumi na Tano

Jumatano, saa sita usiku, daftari hufungwa.
Baada ya hapo jina lako likiingia
linaingia na dola kumi na tano juu yake;
na likitoka, linatoka peke yake,
ada inabaki kwangu.
Wahenga walisema anayechelewa humkuta mwana si wake.
Hapa humkuta mwana yuleyule,
ila kwa bei nyingine.

Sikuitunga mimi kanuni hii.
Mimi ni Marlys, mwandikishaji,
mwenye meza ya kukunja na kopo la biskuti la kutunzia chenji.
Uwanja wetu ulikuwa wa ndege za vita vya zamani,
huku Saskatchewan; lami imepasuka, nyasi zimejipenyeza,
na sisi tunapanga koni za rangi ya chungwa
ili watu wazima, wenye mikopo ya nyumba,
wazizunguke mmoja mmoja, wakishindana na saa.

Huniuliza fedha zinaenda wapi.
Gari la wagonjwa hulipwa hata asipoumia mtu.
Bima haina habari kwamba umeghairi.
Vyoo viwili vya plastiki tumevikodi kwa watu hamsini;
wakija thelathini, mwenye vyoo hapunguzi bei
kwa ajili ya haja zilizobaki nyumbani.

Visingizio nimevisikia vyote.
Gia imekwama. Mama mkwe katokea bila taarifa.
Mmoja aliniambia, "Nimeota ajali,"
nikamjibu: ndoto ya Jumanne inarejeshewa,
ya Ijumaa hairejeshewi.

Orrin Prokopchuk hatoi kisingizio.
Analima ngano, ekari elfu mbili na deni lake,
ana Datsun ya kijani yenye umri wa mkewe.
Kukiwa kukavu, hawezi kuiacha mashine ya kuvunia.
Kukinyesha, ngano haivuniki, na yeye yu huru,
lakini hilo halijui mpaka Ijumaa jioni
atoke uani, atazame magharibi.
Akijisajili mapema, wingu hupita bila neno,
akaghairi, ada ikaliwa.
Akingoja, mvua huja, naye huja nayo,
kachelewa,
noti zimekunjwa tayari mfukoni,
za faini kando, zimelowa.

Msimu uliopita nilipiga hesabu:
mbio nne amekimbia, saba amelipia.

Basi Septemba, mvua ikilipiga turubai juu ya meza yangu,
nilichukua ada, za faini nikamsukumia.
"Nimeandika kwamba ulijisajili Jumanne."
Akalitazama daftari. Akaitazama kalamu.
"Jumanne kulikuwa na jua," akasema.
"Nilivuna hadi saa nane za usiku,
na mwanangu wa kike aliendesha lori mara ya kwanza.
Usiniandikie nilikuwa hapa."

Akazitia noti koponi kwa mkono wake,
akachukua namba yake, arobaini na moja,
akaibandika mlangoni kwa utepe usiopatana na maji.

Koni tatu aliziangusha, sekunde mbili kila moja.
Faini hiyo nayo hakuibishia.

Nikaifuta Jumanne, nikaandika Ijumaa,
wino ukasambaa kidogo pale penye tone.

Jumatatu jua lilitoka.
Simu ya kwanza ilikuwa ya yule mtu wa ndoto.
Ajali haikutokea, akasema;
je, hilo halibadilishi kitu?