Swali la Tatu

Swali la tatu, alama ishirini:
"Fafanua taswira za vita katika shairi ulilosoma."
Nasahihisha Mkuyuni, jioni, dirisha wazi,
madaftari arobaini na moja, kalamu nyekundu ya pili.

Shairi ni la enzi ya yule malkia
ambaye hakuwahi kunawa uso kwenye maji haya
na bado ziwa linaitikia jina lake ramani zinapoita.
Mshairi anausifu mwezi Machi wa kwao:
upepo ni mpiga tarumbeta,
barafu ni ngome inayosalimu amri,
miti imeshika mikuki, kikosi kwa kikosi,
na ua la kwanza ndilo bendera.

Mwongozo wangu unasema: mikuki ni matumaini.
Arobaini wameandika: mikuki ni matumaini.
Nimeweka vema, vema, vema,
mkono ukienda wenyewe kama wa mpepeta mchele.

La mwisho ni la Nyanjige, wa dawati la nyuma.

"Babu yangu alilisha wanyama kisiwani Saanane.
Mwaka wa vita ndege ilikuja kuulenga mji,
ikakosea, bomu likawaangukia swala.
Babu aliwazika siku mbili, kwa jembe la kuazima.
Hakuwahi kusema 'vita'.
Alisema 'ile wiki ya swala'.
Mwalimu, aliyeiona vita haikopeshi kwa miti.
Huyu mshairi ana mikuki mingi
lakini sijaona anayechimba."

Chini amepiga mstari kwa rula, kisha:
"Kwa hiyo taswira hizi ni nzuri na zimeshiba."

Zimeshiba.
Neno hilo halimo kwenye mwongozo.
Nimeandika kumi na mbili, nimefuta.
Nimeandika "hujajibu swali",
nimefuta mpaka karatasi ikatoboka,
na kwenye tundu naona jibu la swali la nne,
halihusiani kabisa.

Basi upande wa Ukerewe kukanguruma,
sauti ikaja juu ya maji, ikagonga mawe ya mlimani,
nami, mtu mzima, mwenye shahada,
nikasema peke yangu chumbani: "Mizinga hiyo."

Nikanyamaza.
Nikasubiri ngurumo ya pili nione nitaiitaje.

Uani Mama Ng'walu anapiga kelele: mvua, mwalimu, mvua!
Nimeacha daftari wazi.
Tumeanua dagaa wake wote turubai zima,
kwa viganja, kwa beseni, kwa upande wa khanga,
bila kuwafananisha na chochote.