Inchi Nne

Ardis ametoa kisu cha umeme,
kile cha bata mzinga wa sikukuu ya Novemba,
makali mawili yanayosuguana kama majirani wasiopatana.
"Mkasi utaitafuna," anasema.
Nje, Duluth imelala chini ya theluji ya siku tatu.

Ile sponji ya zamani, tulipofungua zipu,
ilimwaga unga wa njano sakafuni
kama keki iliyosahauliwa tangu enzi za Verner.
Juu yake mashimo mawili: moja pana, moja jembamba.
Sikuuliza lipi la nani.
Ardis akalibonyeza lile pana kwa ngumi,
likakubali, halikurudi.
"Na yeye alikuwa hivyo. Akikaa, amekaa."

Basi tukapima benchi la dirishani,
tukakata gazeti kwa umbo lake,
tukalilaza juu ya sponji mpya, kijani cha kabichi.
"Ongeza nusu inchi kila upande.
Kitambaa kikilegea, kiti huonekana kimekonda."
Nikachora kwa wino mzito.
Kisu kikaamka, meza nzima ikatetemeka,
kijiko kikacheza ndani ya kikombe.

"Usikandamize!
Ukiibana itakudanganya:
utadhani umekata wima,
ikifumuka utakuta upogo.
Kiache kisu kitembee. Wewe kishike mkono tu,
kama mtoto anayejua njia ya shule."

Sikusikia, au nilisikia nikachelewa.
Kona ya kwanza ikaenda mrama.
Ardis hakunilaumu. Alikiokota kipande,
akakipaka gundi, akakirudisha mahali pake,
akakipulizia kama anayepoza chai.
Pua tuliyoikata, tukaiunga kwenye wajihi.

Chembe za kijani zilitung'ang'ania mikono ya sweta.
Hewa ikikauka namna hii
kila kitu hutafuta cha kushika.

Kuivisha ndiyo kazi.
Tuliitia kwenye mfuko wa takataka,
tukachomeka bomba la mashine ya kufyonza vumbi,
ikanywea, ikanywea, ikawa nyembamba kama chapati,
tukaisokomeza ndani ya kitambaa cha mistari,
kisha tukauchana mfuko na kuuvuta nje.
Sponji ikavuta pumzi.
Taratibu. Kona moja, ya pili,
ile yenye gundi mwisho kabisa.

Ardis akakaa upande wake. Upande ule ule, wa shimo jembamba,
ambalo halipo tena.
Miguu yake haikufika chini.
Miaka themanini na moja, soksi za sufu zikining'inia
kama za mtoto kwa daktari wa meno.
Akazitazama, akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akageukia dirisha, akanyamaza.
"Kumbe akina Halvorsen wamepaka mlango wao rangi nyekundu."

Wameupaka lini, sijui.
Mimi huuona kila nikija.
Yeye, miaka yote hii, alikuwa akiona uzio.